Mkalimani na Neno Damu

Katika miaka yote niliyokaa Garissa sikumsikia Mkalimani akisema "nadhani". Alikuwa akisema "amesema", "wamesema", au "haikusemwa". Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakwambia redio imesema itanyesha na jirani wa mkono wa kulia amesema haitanyesha, halafu ananyamaza kama mtu aliyemaliza kazi yake. Yeye mwenyewe alifikiri nini juu ya mvua, hilo lilikuwa kati yake na Mungu wake.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana, mgeni kutoka Pwani, na chumba nilichopanga mtaa wa Iftin kilipakana na ua wake. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mabati, kwa hiyo tulijuana kwa sauti kabla ya kujuana kwa sura. Alikuwa wa umri wa kunizaa. Nilimwita Adeer, neno la huko la kumwita ndugu wa baba, na mkewe nilimwita Eeddo, yaani shangazi. Yeye aliniita Mwalimu. Mtaa mzima ulimwita Mkalimani, hata watoto, hata imamu, kwa sababu maisha yake ya kazi aliyamaliza mahakamani, amesimama kati ya hakimu na washtakiwa, akigeuza Kisomali kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kisomali.

Kazini p yake ilikuwa p na v yake ilikuwa v. Akirudi nyumbani, akivua viatu na kufunga kikoi, zote mbili zilibadilika. Pole pole ikawa bole bole, na vitabu vikawa fitabu. Siku moja nilimtania. Akanijibu kwamba p ni sare ya serikali, na yeye hajapata kulala na sare.

"Mimi ni bomba," alipenda kusema. "Maji si yangu. Yakiwa na chumvi, usilipige bomba."

Na kweli hakupunguza wala kuongeza. Wazee wa mtaani walikuwa bado wanaisimulia kesi ya punda aliyeibwa. Shahidi mmoja, mchungaji kutoka upande wa Bute, aliulizwa swali la kujibiwa ndiyo au hapana, naye akaeleza kuanzia ukame, akapita kwa visima vyote alivyonywesha mifugo, na mwishoni akasema jambo kuhusu hakimu mwenyewe. Mkalimani akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akairudisha. Akatafsiri ukame. Akatafsiri visima, kimoja kimoja. Kisha akasema, "Na anasema, mheshimiwa, kwamba una uso wa mtu aliyelala na njaa."

Hakimu akauliza, "Amesema hivyo kweli?"

"Ndivyo alivyosema."

Hakimu akakiri kwamba asubuhi ile alitoka nyumbani bila chai, akaahirisha kesi kwa nusu saa. Aliporudi, inasemekana, alikuwa mpole zaidi.

Siku nyingine mwanamke alisimama kizimbani akalia muda mrefu. Hakimu mwingine, mgeni katika mji, akamuuliza Mkalimani, "Anasema nini?" Mkalimani akamjibu, "Bado hajasema, mheshimiwa. Tumngoje." Wakamngoja.

Nyumbani tabia hiyo ilimtesa mkewe. Jirani akinywa chai kwao na kunong'ona kwamba leo sukari imepungua, Mkalimani alikuwa akigeuka kuelekea jikoni na kusema kwa sauti kavu ya mahakamani, "Amesema sukari imepungua." Jirani hutamani ardhi ipasuke. Eeddo hutoka na sukari, humwekea jirani vijiko mpaka kikombe kinakuwa uji. Aliwahi kuniambia kupitia mabati, tukianika nguo kila mtu upande wake, "Mwanangu, ukiolewa, uliza kwanza kama mwanamume anajua kunyamaza. Huyu wangu hasemi la kwake, lakini la watu halimbakii tumboni."

Usidhani kwa hayo kwamba alikuwa malaika wa sheria. Kila baada ya alasiri alicheza shax na wenzake kivulini mwa msikiti, ule mchezo wa vijiwe vinavyopangwa kwenye mistari iliyochorwa mchangani, na alikuwa mwizi kupindukia. Alisogeza vijiwe kwa kidole cha mguu akiangalia angani. Akishikwa hakuona haya. Alisema mchezo hauna katiba. Hospitalini au kwenye duka la kutuma pesa kwa simu, hakuwahi kupanga foleni. Alipita mbele akisema shahidi anamngoja, hata miaka mingi baada ya kustaafu, na watu walimpisha kwa mazoea. Lakini huyohuyo, akikuta kiongozi wa mtaa ametangaza kikao bila kubandika tangazo, alikasirika mpaka jioni. Nilimuuliza vipi anaweza kuwa watu wawili namna hiyo. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali lisilo kwenye silabasi.

Kilichotukutanisha hasa ni maneno. Kulikuwa na maneno yaliyomsumbua, na alikuja nayo kwenye mabati kama mtu anayeleta redio iliyoharibika. Kuna tofauti gani kati ya haki na stahili? Je, "mamlaka" ni ya mtu au ya kiti chake? Kuna wingi wa uhuru? Mimi nilimpa ngeli na mifano, yeye alinipa Kisomali, na baada ya miaka kadhaa niliweza kufuata kikao cha wazee bila kupotea sana.

Nasema kikao cha wazee kwa sababu huko ndiko mambo yalikokuja kuwa makubwa.

Likizo moja alifika mjini wakili mwanamke kutoka Amerika. Hakuwa Mzungu wala Mwafrika. Alikuwa Mcheroki, mmoja wa wenyeji waliokuwa katika nchi ile kabla ya meli za Ulaya. Alikuwa akizunguka kutazama namna wazee wanavyoamua kesi nje ya mahakama za serikali, na baraza la wazee wa ukoo mkubwa wa hapo likakubali kuketi naye. Bwalo la shule yetu lilikuwa na feni zinazozunguka, kwa hiyo kikao kikaletwa huko. Ufunguo ulikuwa kwangu. Nikakaa nyuma pamoja na akina mama wa chai.

Mkalimani alisimama ubavuni pa mgeni. Mgeni akaeleza kwamba watu wake ni taifa ndani ya taifa. Wana katiba yao. Wana chifu mkuu wanayemchagua kwa kura, wana baraza la kutunga sheria, wana mahakama zao, na papo hapo ni raia wa Amerika kama raia wengine. Kila siku wanavutana na serikali mbili zilizo juu yao: nani atamhukumu nani, ardhi ni ya nani, kodi ni ya nani.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Mwenyekiti wa baraza, binamu mkubwa wa Mkalimani, mtu mrefu mwenye ndevu za hina.

"Muulize wana koo ngapi."

"Saba," alijibu mgeni.

"Na mtoto ni wa ukoo upi?"

"Wa mama yake."

Mkalimani akatafsiri bila kupepesa. Kicheko kikapita kutoka kiti hadi kiti, maana kwa Wasomali ukoo ni wa baba na hakuna anayefikiria vingine. Mwenyekiti hakucheka. Alitaka kujua kama amesikia sawa.

"Amesema wa mama yake," alirudia Mkalimani. "Ndivyo alivyosema."

Mgeni akaendelea. Wakati watu wake bado wako kwenye ardhi ya mababu, waliona majirani zao wanaheshimu kilichoandikwa tu, basi wakaandika katiba. Jimbo lililowazunguka likaendelea kuitaka ardhi. Kesi ikafika mahakama ya juu kabisa, na mahakama ikasema jimbo halina mamlaka ndani ya nchi ya Wacheroki.

"Kwa hiyo walibaki," mzee mmoja akasema.

"Hapana. Walitolewa kwa bunduki, wakapelekwa mbali wakati wa baridi. Maelfu walikufa njiani."

"Lakini kesi walishinda?"

"Walishinda."

"Basi kushinda kuliwafaa nini?"

Mgeni alijibu, "Hukumu ile tunaitumia mahakamani hadi leo. Na walipofika walikopelekwa, hawakukaa sana kabla ya kuandika katiba tena."

Wazee wakatikisa vichwa. Wengi wao walikuwa wamekua katika miaka ya hali ya hatari, na walikumbuka wakati ambapo Msomali wa mkoa ule aliulizwa kila njia ametoka wapi na anakwenda kwa ruhusa ya nani. Hawakuhitaji kuelezwa maana ya kuwa nchini kwako na kuhesabiwa mgeni.

Hapo mgeni akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Sitaki mwondoke mkidhani sisi tulidhulumiwa tu. Na sisi tulidhulumu." Akaeleza kwamba baadhi ya mababu zake walimiliki watumwa weusi. Utumwa ulipokwisha, mkataba uliahidi kwamba walioachwa huru na vizazi vyao watakuwa raia wa taifa la Wacheroki. Miaka mingi baadaye taifa likapiga kura, likasema raia ni yule wa damu, na watu hao wakatolewa. Ilichukua kesi nyingi. Mwishowe mahakama yao wenyewe ikaamuru maneno yale, "kwa damu", yafutwe katika katiba. "Maneno mawili," alisema, "yalituaibisha sana."

Mkalimani akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alimgeukia mgeni, akamwomba arudie. Kusikia alikuwa amesikia. Mgeni akarudia. Mkalimani akavua miwani, akaishika mkononi, akayatafsiri maneno yale pole pole. Karibu na mlango walikuwa wamekaa wanaume wawili wa mtoni. Mmoja wao aliinua kichwa.

Watu wa mtoni ni wakulima wa kando ya Tana. Migomba, nyanya na vitunguu vinavyoliwa mjini vinatoka kwao. Si Wasomali kwa nasaba, lakini tangu enzi za mababu walijiweka chini ya ukoo ule mkubwa, wakawa wanahesabiwa pamoja nao. Mtu wa ukoo akiua, fidia wanaichangia. Wakiuawa wao, fidia yao inadaiwa na ukoo. Walialikwa vikaoni. Walikaa karibu na mlango.

Mwaka uliofuata baraza liliamua nalo liandike katiba yake, ili maamuzi yake yatambuliwe na serikali. Mkalimani akapewa kazi ya kuiweka kwa Kiswahili, na mimi nikapewa kazi ya ngeli. Tuliifanya asubuhi za Jumamosi, yeye upande wake wa mabati, mimi upande wangu, mpaka Eeddo alipochoka kusikia makelele akaniita niingie ndani. Tulifika kifungu cha uanachama. Kilisema mwanachama wa baraza ni mwanamume aliye wa damu ya ukoo.

"Watu wa mtoni je?" niliuliza.

"Haikusemwa."

"Na njia za mifugo kwenda mtoni? Si zinapita kwenye mashamba yao? Nani ataamua zipite wapi?"

"Baraza."

"Wao wakiwa hawamo?"

Alikunywa chai yake yote, akainua kikombe kitupu, akakinywa tena.

Siku ya kupitisha katiba tulikuwa tena bwaloni. Serikali ilikuwa imemtuma afisa kijana, mtu wa Magharibi mwa Kenya asiyejua Kisomali, na Mkalimani aliketi kando yake akimsomea kila kifungu kwa Kiswahili baada ya kukisoma kwa Kisomali. Alikisoma kifungu kile katika lugha zote mbili, neno kwa neno. Kisha hakuendelea.

"Kinachofuata," alisema Mwenyekiti.

"Hiki nimekisoma. Sasa naomba kusema la kwangu."

Mwenyekiti alidhani amesikia vibaya. "Tulikuita utafsiri."

"Ndiyo. Na nimetafsiri." Akainuka, akageuka kutafuta uso wangu kule nyuma. "Mwalimu, njoo umtafsirie bwana huyu."

Wanawake hawakuwa wakipita katikati ya kikao kile ila kwa birika. Nilikwenda nikaketi pale alipokuwa, kiti bado kina joto lake, naye akaenda kusimama upande wa pili, mahali wanaposimama wenye kesi.

Aliongea kwa Kisomali, nami nikajitahidi. Alisema mtoto wa baba yake mkubwa aliwahi kuua mtu huko Wajir, na ukoo ukatakiwa ngamia wa fidia. Watu wa mtoni hawana ngamia. Waliuza mashine ya kusukuma maji, wakauza mavuno kabla hayajaiva, na msimu ule watoto wao walishindia maembe mabichi. "Siku ile," alisema, "hakuna aliyewauliza damu yao."

Nilimwambia afisa, "Anasema siku ile hakuna aliyewauliza damu yao, na ilikuwa aibu."

Mkalimani akanigeukia. "Aibu haikusemwa, Mwalimu."

Watu kadhaa walicheka, na nafikiri kicheko kile kilituokoa, maana vijana wa mbele walikuwa wameanza kusimama. Mwenyekiti alinyoosha mkono wakakaa.

"Unataka tuandike kama Wacheroki?" alimuuliza binamu yake.

"Wao waliandika, wakaja kufuta baada ya aibu ya miaka mingi. Sisi bado hatujaandika."

Mzee wa mtoni, yule aliyeinua kichwa mwaka uliotangulia, akaomba ruhusa. Alisema kwa ufupi, "Hatuombi kuwa nyinyi. Tunao mababu zetu na tunawajua. Tunaomba likikatwa neno linalotuhusu, tuwepo."

Mwenyekiti akafunga kikao bila kura.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu kwa nyumba ile. Hakuna aliyemtukana, lakini kadi za harusi zilipita mlango wake. Wenzake wa shax waliona ghafla kwamba kivuli cha msikiti mwingine ni kizuri zaidi. Alicheza peke yake mchangani, mkono mmoja dhidi ya mwingine, na niliwahi kumwona akiuibia mkono wake wa kushoto. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema amestaafu, bomba likistaafu lina ruhusa ya kuvuja. Lakini alikuwa amekonda. Alipopita sokoni na watu wasimwite, alitembea haraka kuliko ilivyohitajika.

Mkewe hakumkasirikia kwa sababu ya harusi. Alimkasirikia kwa sababu nyingine kabisa. Alimwambia mbele yangu, akipika anjera, ule mkate laini wa Kisomali, bila kupandisha sauti, "Kifungu kile kilikuwa na maneno mawili mabaya. Uliliona neno damu. Mwanamume hukuliona. Umewapigania watu wa mtoni, sisi wa jikoni kwako umetuacha."

Mtu aliyepata neno kwa kila hakimu aliyepita Garissa alibaki ameshika anjera mpaka ikapoa.

Asubuhi moja Mwenyekiti alikuja. Alipiga hodi kama mtu wa kawaida, akaingia, akaketi kwenye mkeka. Mimi nilikuwa upande wangu naosha vyombo, na nakiri nilivisugua vilevile mara nyingi. Alikunywa chai kwanza. Kisha akasema, "Yule mgeni alisema kwao mtoto hufuata ukoo wa mama."

"Alisema."

"Nilihesabu. Mama yangu, na mama yake mama yangu. Wewe unamjua nyanya yetu alikotoka."

"Namjua."

"Kwa hesabu yao mimi ni mtu wa mtoni."

Nilisikia birika likimimina.

"Tokea siku ile bwaloni sijalala vizuri," aliendelea Mwenyekiti. "Nilipokuona umesimama pale nilikuchukia kwa sababu ulikuwa umesimama mahali pangu. Sasa niambie. Tukiliondoa neno lile, nini kitakaa pale? Hatuwezi kuacha shimo. Kesho atakuja mtu yeyote kutoka popote aseme yeye ni mwanachama."

Walishinda asubuhi nzima juu ya shimo lile. Walijaribu "wanaoishi pamoja nasi", wakaona wafanyabiashara wote wa mji wataingia. Walijaribu "marafiki wa ukoo", Mkalimani akasema urafiki haushtakiki mahakamani. Adhuhuri ikakaribia, nikamsikia Mkalimani akisema lile ambalo hatimaye lilipita. Mwanachama ni mwanamume wa ukoo, na kila anayelipa fidia pamoja nao na kulipiwa pamoja nao.

"Hilo ni la zamani," alisema Mwenyekiti. "Ni sheria yetu wenyewe."

"Ndiyo. Halikuwa limeandikwa tu."

Lilipita. Halikupita kwa shangwe. Wengine waliinua mkono nusu, na kijana mmoja alitoka nje wakati wa kura ili asionekane upande wowote. Lakini lilipita, na watu wa mtoni wakapewa viti viwili katikati ya bwalo. Neno mwanamume lilibaki. Lilikaa msimu mmoja tu. Eeddo na wenzake waliamua kwamba baraza la wanaume lijipikie chai ya wanaume. Vikao viwili vilifanyika kavu katika joto la Garissa, na katika cha tatu wazee walikumbuka, kwa kauli moja, kwamba hata katiba ya nchi inataka wanawake wawemo. Mkalimani ndiye aliyelifuta neno kwa kalamu yake. Eeddo alisimama nyuma ya bega lake akiangalia kama amelifuta lote.

Mimi nilihamishwa kurudi Pwani. Miaka ikapita kabla sijapata sababu ya kupanda tena kwenda Garissa, nayo ilikuwa harusi ya mwanafunzi wangu wa zamani. Asubuhi baada ya harusi nilitembea kuelekea mtoni kabla jua halijakuwa kali, na njiani nikamkuta. Alikuwa amepinda mgongo kidogo, kofia imekaa upande, na anamvuta mbuzi kwa kamba. Mbuzi alikuwa hataki.

"Mwalimu," alisema, kana kwamba tuliachana jana. "Msukume kwa nyuma."

Nikasukuma. Tukiteremka akanieleza. Baada ya kuchoka kukaa bure alinunua mbuzi wachache. Siku moja walitoka kwenye njia ya mifugo, wakaingia shambani kwa mama mmoja wa mtoni, wakala vitunguu. Mama yule akamshtaki mbele ya baraza. Waliosikiliza kesi walikuwa wazee wawili wa ukoo na mzee mmoja wa mtoni. Mkewe, ambaye sasa ni mjumbe, alikataa kumhukumu mumewe, akajitoa. Kisha akaomba kutoa ushahidi.

"Dhidi yako?"

"Mke wangu mwenyewe. Alisema nililala."

"Ulilala, Adeer?"

"Nililala."

Alilalamika njia nzima. Hukumu ilikuwa kali. Mashahidi walikuwa majirani wa mshtaki. Vitunguu vyenyewe vilikuwa vidogo. Angekata rufaa, kifungu kipo, yeye ndiye aliyekiandika. Lakini alikuwa akitembea kwa hatua ya mtu anayekwenda karamuni, na kila tulipokutana na mtu alisimama na kumweleza, bila kuulizwa, kwamba ameshindwa kesi na anakwenda kulipa.

Mama wa shamba alitupokea kando ya migomba, mikono ina udongo. Tukasalimiana. Akamshika mbuzi kichwa, akamfungua mdomo, akatazama meno.

"Huyu ni mzee kuliko wewe," alisema.

"Hukumu imesema mbuzi jike. Huyu ni jike."

"Imesema mbuzi jike anayezaa."

Mkalimani akanitazama, kisha akamtazama mbuzi. Alivua kofia, akajikuna kichwa kwa muda mrefu. "Imesema," alikubali.

Akageuka, akaanza kumvuta mbuzi kurudi mjini. Safari hii mbuzi alikwenda kwa hiari. Mpaka wanapotea nyuma ya migomba nilikuwa bado namsikia mzee yule akicheka peke yake, kicheko cha chini cha mtu aliyeshiba.

Mama akapangusa kigoda kwa kanga yake, akanisogezea.

"Keti unywe chai," alisema. "Atarudi na mwingine. Safari ya kwanza lazima ajaribu."